Nilimnyima Mfupa

Chapo alivunjika mguu akiruka kutoka kitandani. Si dirishani, si juu ya kabati. Kitandani, kitanda changu kifupi ambacho hata mtoto wa mwaka mmoja anashuka bila kushikwa mkono. Nilisikia mlio mdogo, kama njiti ya kiberiti ikikatika, halafu kilio ambacho sikujua paka anaweza kukitoa. Ilikuwa Jumanne, mwendo wa saa tatu usiku, na nilikuwa nimetoka tu kumwekea sahani yake: gramu sitini za minofu ya kifua cha kuku, mbichi, iliyokatwa vipande vidogo kwa kisu ambacho sikukitumia kwa kitu kingine chochote. Nilikuwa na mizani ya jikoni. Nilikuwa na daftari. Niambie ni nani mwingine kwenye ploti yetu alikuwa na daftari la chakula cha paka.

Nilimpata Julai, ile baridi ya Nairobi inayoingia mpaka kwenye meno, chini ya Probox ya mwenye duka. Alikuwa na kama wiki saba, mweupe mwenye madoa ya kahawia, ndiyo maana akaitwa Chapo. Kandarasi yangu ya kazi ilikuwa imeisha bila kuongezwa, na nilikuwa naishi kwa vibarua vya mtandaoni, kusikiliza rekodi za watu wa ng'ambo wakibishana kwenye mikutano na kuyaandika maneno yao. Siku nzima ndani ya bedsita, Kahawa West, nikiwa na vipaza sauti masikioni. Zilipita siku nilizokuwa nafungua mdomo mara moja tu, nikimwambia mama mboga "ya thelathini."

Kwa hiyo Chapo alipokuja, nilimchukua kama kazi. Nilisoma. Usiku, vibarua vikiisha, nilisoma mpaka macho yakauma: kwamba paka ni mla nyama wa lazima, kwamba mwili wake haukuumbwa kwa nafaka, kwamba zile punje kavu za pakiti ni mahindi yaliyopakwa harufu ya samaki. Kwamba tumrudishe kwenye chakula cha asili, nyama mbichi, kama alivyokula kabla binadamu hajamwingiza nyumbani.

Ubaya ni kwamba mengi ya hayo ni kweli. Paka hawezi kujitengenezea taurini ya kutosha, anaipata kwenye nyama, na akiikosa macho yake yanaharibika na moyo unalegea. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa paka waliokuwa wakiugua moyo walikuwa na upungufu wa taurini, na paka hao walikuwa wakila chakula cha kiwandani kilichouzwa kuwa kamili. Viwanda vikaongeza taurini baada ya hapo. Mimi nilisoma nusu ya kwanza ya habari hiyo mara tatu, na nusu ya pili nikaipita mbio. Mtu akishaamua, anasoma hivyo.

Na pia mimi ni Mkenya. Nilikuwa mdogo mwaka 2004, watu 125 walipokufa Makueni, Kitui na wilaya za karibu kwa mahindi yenye sumu ya kuvu, aflatoksini. Nilikua nikijua kwamba kitu kinachotoka kwenye gunia kinaweza kukuua. Nyama yangu nilikuwa naiona. Niliinusa mwenyewe.

Minofu ilikuwa shilingi 750 kwa kilo. Na maini ya ng'ombe kidogo, mara tatu kwa wiki, kwa sababu niliambiwa yana vitamini. Ukipiga hesabu ni kama elfu tatu kwa mwezi. Mifupa nilitoa yote. Niliogopa itamkwama kooni, kisha, nikisema ukweli, nilitaka apate kilicho bora. Kwetu mgeni wa heshima hapewi shingo.

Nilimweleza Shosho kwa simu, nikijua atacheka. Shosho yuko Kangema, na maisha yake yote amefuga paka, wote wakiitwa Nyau, jina moja linarithiwa kama kiti. Nyau hupata maziwa kidogo ng'ombe wakikamuliwa, na mengine anajitafutia kwenye ghala la mahindi.

"Unamtolea mifupa?" Shosho akauliza.

"Ndiyo, Shosho. Yote."

"Kwani wewe ulishaona Nyau akitema mifupa ya panya?"

Tukacheka wote. Niliona ni maneno ya watu wa ushago.

Kisha nikamwambukiza Kevo.

Kevo anaishi chini, nyumba ya pili kutoka getini, yeye na Mama Tasha na mtoto wao Tasha, aliyekuwa na miaka miwili wakati huo. Ni wa bodaboda. Mbwa wake, Simba, ni mbwa wa kawaida tu, wa rangi ya vumbi, anayelinda ploti nzima bila mshahara. Simba alikuwa akila ugali na mchuzi wa chochote kilichobaki. Mimi nikasimama pale getini, mtu mwenye mizani na daftari, nikamwambia Kevo kwamba ugali unamuua mbwa polepole, kwamba anahitaji nyama mbichi na viungo vya ndani.

Hilo halikuwa hata kweli. Mbwa si paka. Mwaka 2013 watafiti wa Uswidi walionyesha kuwa mbwa, tofauti na mbwa mwitu, wana nakala nyingi zaidi za jeni inayosaidia kumeng'enya wanga. Kwa maelfu ya miaka wamekula makombo yetu, na miili yao imezoea. Ugali mtupu haumtoshi mbwa, ni sawa, lakini haumuui, mradi unga wenyewe uwe mzima. Sikujua. Niliongea kwa uhakika wa mtu aliyesoma jana.

Kevo hakuwa na pesa za minofu. "Lakini kuna buda fulani anachinja kondoo huko nyuma ya kwake," akaniambia wiki mbili baadaye, akiwa amefurahi. "Ananipea mapafu na maini yale hawezi uza. Bure kabisa. Simba anakula kama mfalme."

"Poa sana," nikasema. Nakumbuka nilisema hivyo.

Dalili za Chapo zilikuja taratibu. Aliacha kupanda dirishani. Nikadhani amekua, ametulia. Ukimshika kiunoni alilalamika. Akawa anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya kubana. Niliandika kwenye daftari: "Mtulivu leo." Ukurasa mwingine: "Mtulivu sana." Alikuwa na miezi mitano.

Usiku ule wa Jumanne nilimfunga kwenye leso, nikamweka ndani ya boksi la viatu, nikakaa naye mpaka asubuhi. Kliniki niliyoijua ilifunguliwa saa mbili. Wahudumu wa pale hawahangaiki na majina ya watu, kila mtu ni mama au baba wa mnyama wake.

"Mama Chapo, anakula nini?" daktari akauliza. Alikuwa mzee kidogo, mwenye sweta la kufumwa chini ya koti jeupe.

Nikatoa daftari. Niliona fahari kulitoa, hata wakati huo. Alisoma kurasa tatu, nne, akafunua mbele, akarudi nyuma.

"Mfupa uko wapi hapa?"

Picha ya eksirei sikuhitaji kuelezwa. Mifupa huonekana myeupe kwenye picha, sivyo? Ya Chapo ilikuwa kama moshi. Ilikuwa karibu rangi moja na nyama iliyoizunguka. Mfupa wa paja ulikuwa umejikunja kama mrija wa soda.

Daktari akanieleza bila haraka. Nyama isiyo na mfupa ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, fosforasi inazidi karibu mara ishirini. Maini ndiyo yanazidi kabisa. Mnyama anayekua anataka vitu hivyo viwili karibu viwe sawa, kalsiamu ikizidi kidogo. Kalsiamu isipotoka kwenye chakula, lazima itoke mahali, kwa sababu moyo na misuli haviwezi kufanya kazi bila hiyo. Kuna tezi ndogo shingoni zinazotoa homoni ya kuidai. Zinaidai kwenye mifupa.

"Ni kama hii mikopo ya simu," akasema. "Leo mia mbili, kesho mia tatu. Unaona maisha yanaenda. Siku moja unaamka hakuna kitu."

Kisha akaniambia kuhusu maini, kwamba paka anayelishwa maini mabichi miezi na miezi hujaa vitamini A mpaka mifupa ya shingo inashikana. Hapo nilishukuru kwamba angalau nilikuwa natoa kidogo.

"Lakini daktari, kule nilikosoma wanasema hiki ndicho chakula cha asili."

"Kinachosemwa huko walikianza wapi, unajua?" Akaniambia kuhusu daktari wa wanyama wa Australia, Ian Billinghurst, ambaye mwaka 1993 alitoa kitabu kilichoeneza hii habari ya kuwalisha mbwa vyakula vibichi. Kinaitwa *Give Your Dog a Bone*. Akatafsiri polepole, kana kwamba sijui Kiingereza: "Mpe mbwa wako mfupa. Sikubaliani na yote anayosema huyo mzee, lakini hata yeye hakusema minofu. Mfupa uko kwenye jalada, Mama Chapo."

Sikujibu. Nilikuwa nafikiria Nyau na panya, na Shosho akicheka kwenye simu. Panya mzima ana mifupa, ana moyo, ana ini dogo linalolingana na mwili wake, ana vilivyo tumboni mwake. Mimi nilikuwa nimechukua kipande kimoja cha mnyama, kile ambacho hoteli hutoza bei kubwa, nikakiita asili.

Chapo alihitaji kizimba kidogo ambamo hawezi kuruka, wiki sita, dawa ya maumivu, na chakula cha pakiti cha paka wachanga. Ile ya mahindi. Karibu nicheke. Daktari akasema mifupa ya mnyama mchanga husamehe haraka ikipewa nafasi, lakini mguu huenda ukabaki umepinda.

Alipokuwa akiandika risiti aliuliza, kama mtu anayejaza muda tu, kama kuna wanyama wengine kwenye ploti. Nikamwambia kuna Simba, yeye yuko sawa, anakula vizuri siku hizi, mapafu na maini ya kondoo.

"Mabichi?"

"Ndiyo."

"Yamepigwa muhuri?"

Nikamweleza kuhusu jamaa wa kuchinja nyuma ya nyumba. Daktari akaweka kalamu chini.

Zamani alikuwa amefanya kazi Turkana. Kuna mnyoo mdogo sana, wa milimita chache tu, anayeishi kwenye utumbo wa mbwa, na mbwa humpata kwa kula viungo vibichi vya kondoo, mbuzi au ng'ombe vyenye vifuko vya maji. Mnyoo mwenyewe hamsumbui mbwa. Mayai yake hutoka kwenye kinyesi, yakanata kwenye manyoya, kwenye udongo, kwenye vidole vya mtoto. Ndani ya mtu yai huwa kifuko, kwenye ini au mapafu, kinachokua kidogo kidogo kwa miaka, bila maumivu, mpaka kiwe kama chungwa, kama kichwa cha mtoto. Turkana iliwahi kuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani kwa ugonjwa huo. AMREF ilianza mradi wa kupambana nao huko mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakipasua watu, wakiwapa mbwa dawa, wakieleza habari moja ileile kijiji kwa kijiji: usimpe mbwa viungo vibichi.

"Ndiyo sababu mkaguzi wa nyama akiona vifuko kwenye mapafu anayatupa," akasema. "Huyo jamaa wenu hana mkaguzi. Kuna mtoto hapo?"

Nilirudi kwa matatu nikiwa na boksi la viatu mapajani. Kutoka Roysambu mpaka stegi yetu nilikuwa nikipanga maneno, na hakuna hata moja nililolitumia. Kevo alikuwa akiosha pikipiki. Tasha alikuwa amekaa kwenye saruji, mkono mmoja shingoni mwa Simba, mwingine mdomoni.

Nikamuuliza Kevo kama yale mapafu huwa na kitu kama malengelenge.

"Eeh, mengine huwa na vitu kama baluni za maji. Mimi hutoboa tu, maji yatoke, nampea."

Nikamwambia yote. Nilimwambia pale pale nikiwa nimesimama, na nilipofika kwenye habari ya mtoto, Mama Tasha akatoka ndani akamchukua Tasha bila kusema neno, na nikasikia mfereji ukifunguliwa. Kevo alinisikiliza mpaka mwisho. Sabuni ilikuwa ikikauka kwenye pikipiki.

"Lakini si ni wewe ulinishow?" akasema.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Simba alipewa vidonge vya prazikwanteli, nililipa mimi, na kwa siku kadhaa Kevo alikusanya kinyesi chake chote akakichoma kwa mafuta ya taa nyuma ya ukuta, kama tulivyoambiwa. Tasha alipelekwa kupigwa picha ya tumbo. Hakukuwa na kitu. Lakini daktari wa pale akasema vifuko hukua polepole, picha safi ya leo haisemi mengi, warudi mwaka ujao, na mwaka unaofuata. Mama Tasha ananisalimia. Ananisalimia vizuri. Simba sasa anakula ugali na omena, kila kitu kimechemshwa, wikendi anatupiwa matumbo yaliyoiva, na Kevo amewakataza wapangaji wote kumtupia mifupa ya nyama choma, kwa sababu mfupa uliopikwa hupasuka kama kioo. Hilo pia nilimwambia mimi. Aliniangalia kwanza, kisha akaenda kumuuliza daktari.

Mwezi ule sikuwa na kitu cha kutuma nyumbani. Kliniki na vidonge vilimaliza yote. Nilimpigia Mathe, na kwa sababu nilikuwa nimechoka kusema uongo wa aina yoyote, nikamwambia kila kitu, hata bei ya kilo.

"Kifua cha kuku," Mathe akasema.

"Ndiyo."

"Cha paka."

Nikanyamaza.

"Unajua Shosho anakata kile kidonge cha presha nusu tangu Agosti? Ili kifike mwisho wa mwezi. Alinikataza kukwambia. Alisema hauna kazi, usisumbuliwe."

Nilikuwa na daftari mbele yangu. Agosti ilikuwa kurasa saba. Kila siku, gramu mia na ishirini.

Sitaki kusema kwamba mtu akiwa na Shosho hafai kuwa na paka. Nimeyasikia hayo, hasa kutoka kwa watu ambao pesa zao za Ijumaa zinaishia mahali tunapopajua. Nilimpenda yule paka na bado nampenda. Ninachosema ni kwamba dawa ya Shosho ilikuwa ndogo kuliko minofu, na sikuwahi kuuliza. Nilikuwa naweza kukwambia uzito wa Chapo wa kila Jumapili.

Siku hizi Chapo anakula za pakiti, zile za bei ya kati, na mara mbili kwa wiki namchemshia mioyo ya kuku kwa maji machache, na ule mchuzi simwagi, kwa sababu taurini huingia kwenye maji. Kuna watu wanaolisha mbichi kwa akili: wanasaga kuku na mifupa yake, wanapima, wana friza, wanaosha mikono na meza kwa kuogopa salmonela, wana daktari wa kuwakagua. Siwacheki. Mimi sina friza, na uhakika wangu niliutumia wote mwaka ule.

Desemba nilimpeleka Kangema. Alikuwa amepona, ila mguu wa nyuma wa kulia umepinda nje kidogo, na akikimbia anafanana na mtu anayevuta mkokoteni. Shosho alimtazama akishuka kwenye kikapu. Vidonge vya miezi mitatu vilikuwa kwenye mkoba wangu, nikampa. Akavishika bila kuvitazama, akiendelea kumtazama Chapo.

"Huyu ndiye wa kuku?"

"Ndiye, Shosho."

Nyau wa sasa, jike la kijivu lenye sikio moja, lilimzomea mara moja likaondoka. Siku mbili Chapo alikaa chini ya kiti. Siku ya tatu, jioni, tukiwa tunamenya viazi mlangoni, nikamwona akitoka ghalani na kitu kinaning'inia mdomoni. Niliruka nikaangusha kisu.

"Shosho! Mnaweka sumu ya panya?"

"Na Nyau ningemweka wapi? Kaa chini, mami."

Chapo akalala kwenye nyasi, akamshika panya kwa miguu ya mbele, akaanza kichwani. Kulikuwa kimya, ng'ombe tu wakicheua, na tulisikia mifupa ikisagika. Alikula kichwa, akala mbavu, akala miguu. Akaacha mkia na kitu kidogo cha kijani. Shosho hakusema chochote. Akaokota kisu changu kwenye vumbi, akakipangusa kwa leso, akanirudishia.